Kabla hujampigia mwandishi wa habari kuhusu programu yenu huria

Ninajitolea kwenye jumuiya ya OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea na kutumiwa bure, hapa Dar es Salaam, na kazi yangu kubwa imekuwa kuzungumza na vyombo vya habari. Vijana wanaotengeneza programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaweza kuzitumia na kuziboresha, wakiniuliza wafanyeje ili waandikwe, huwaambia waiweke programu pembeni kwanza, waeleze imemsaidia nani na kwa jambo gani.

Mhariri hahitaji kujua toleo jipya limerekebisha nini. Anataka kujua habari inamhusu nani, wapi, na kwa nini itoke leo. Linganisha: "Jumuiya yetu imezindua jukwaa la kidijitali la data huria za kijiografia." Halafu: "Wakazi wa Tandale wamechora wenyewe ramani ya mifereji inayofurika, na yeyote anaweza kuitumia bure." Kazi ni ileile, lakini hiyo ya pili mtangazaji anaweza kuisoma hewani kama ilivyo.

Hilo la "kwa nini leo" ndilo wengi hulisahau. Dar inayakumbuka mafuriko ya Desemba 2011. Mradi wa Ramani Huria ulipoanza mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo wakipita mitaani na wakazi kuchora maeneo yanayofurika, hakuna mhariri aliyehitaji kuelezwa umuhimu wake. Masika huanza Machi, kwa hiyo habari ya mifereji ipelekeni Februari, meza ya habari inapoanza kuwaza mvua. Ushahidi, programu huria ya kukusanya taarifa kutoka kwa wananchi, nayo ilizaliwa Kenya Januari 2008, katikati ya ghasia za baada ya uchaguzi, watu wakituma taarifa za matukio zikaonekana kwenye ramani. Iliandikwa duniani kote kwa sababu Wakenya walikuwa wanaihitaji wakati ule ule.

Mimi ningeanza na redio kabla ya gazeti. Redio inasikika dukani, saluni, kwenye daladala. Ila haionyeshi ramani, hivyo tafuteni mtu wa kuieleza kwa mdomo: mama anayeishi kando ya mfereji, au mjumbe wa shina. Mwombeni ridhaa mapema, mwambieni sauti yake itarushwa, na msimfundishe la kusema. Akisema maji huingia kwake kupitia mlango wa jikoni, msikilizaji ameshaelewa ramani ni ya nini.

Kwa gazeti, tumeni picha za watu wakiwa kazini, zenye ubora wa kuchapishwa, na majina yaliyoandikwa sawasawa. Picha ya skrini ya kompyuta haimvuti mtu.

Jiandaeni kwa swali la fedha. Kitu cha bure huwatia watu shaka, na mwandishi mzuri atauliza nani anawalipa na taarifa za wakazi zinakwenda wapi. Watajeni wafadhili waziwazi, na semeni nani anajitolea. Bahasha msitoe. Habari iliyonunuliwa inawavunjia heshima wakazi waliofanya kazi ile kwenye matope.

Mkishapata siku ya kutoka hewani, hakikisheni ukurasa wenu unafunguka kwenye simu ya bei ndogo, una maelekezo ya Kiswahili, na namba ya simu iliyopo hapo ina mtu wa kuipokea wiki nzima. Watakaopiga ndio wachoraji wenu wapya.