Jibu: Mwenyekiti kamgawia jirani shamba la marehemu baba, niende mahakamani?

Mkuu, pole kwa msiba, na pole kwa hilo la shamba. Umeuliza kama ufungue kesi moja kwa moja, kwa kuwa mwenyekiti wa kijiji amemkatia jirani kipande cha michikichi aliyoacha baba yako. Usifungue bado. Familia yetu ilipitia hayo hayo huku Kigoma.

Anza na mirathi. Kuwa mtoto wa marehemu hakukupi nguvu ya kudai shamba lake mahakamani. Anayeshitaki ni msimamizi wa mirathi. Kaka yangu alishitaki kwa jina lake mwenyewe. Tulikuwa na wazee waliomwona baba akipanda minyaa ya mpakani, na wote walikuja barazani wakakaa kwenye benchi wakisubiri kuitwa. Hakuitwa hata mmoja. Wakili wa upande wa pili aliweka pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria kabla ya ushahidi, kwamba kaka si msimamizi; shauri likatupwa na gharama zikawa juu yetu. Iliniuma sana, maana haki ilikuwepo na haikusikilizwa. Kwa hiyo fanyeni kikao cha ukoo, mwandike muhtasari, mwende Mahakama ya Mwanzo mtoke na Fomu Na. 4, ile ya kumteua msimamizi. Msizembee, kwani ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12, na kama baba alifariki akiwa bado analimiliki, miaka inahesabiwa tangu alipofariki, si tangu ulipoteuliwa kuwa msimamizi.

Sasa mwenyekiti. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, hata halmashauri ya kijiji nzima haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, sembuse mtu mmoja. Mwandikie mtendaji barua ya kuomba muhtasari wa mkutano huo, nakala yako igongwe mhuri. Kesi yetu ya pili iligeuka pale mtendaji alipokiri kuwa mkutano haukuwahi kuitishwa. Na asikutishe mtu kwamba huna hati: tangu 1994, katika shauri la Akonaay, Mahakama ya Rufani ilisema haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba.

Sisi tuliwashitaki jirani na kijiji pamoja kwenye baraza la ardhi la wilaya. Siku hizi haiwezekani. Tangu marekebisho ya 2020, ukikishitaki kijiji unatoa notisi ya siku 90, unamuunganisha Mwanasheria Mkuu, na shauri linakwenda Mahakama Kuu (afadhali sasa ipo hapa Kigoma, zamani tulipanda treni kwenda Tabora). Ukimshitaki jirani peke yake, unapita kwanza baraza la kata, ambalo tangu 2021 linasuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini jirani akijitetea kwamba alipewa na kijiji, utaambiwa kijiji nacho kilipaswa kuwepo. Hapo tafuta wakili au watu wa msaada wa kisheria kabla hujalipia chochote.

Kwenye madai eleza mipaka: nani amepakana nawe kila upande, minyaa inaanzia wapi na kuishia wapi. Ukiandika tu "shamba lililopo kijijini", hata ukishinda, dalali wa mahakama hatajua amtoe jirani wapi.

Baba alifariki mwaka gani, na huyo jirani ameanza kulima lini? Jibu hayo mawili tuendelee.