Maswali na Majibu: Umepima kwa Kipimo Gani?

Algoriti za papo kwa papo (kwa Kiingereza, online) zinahitaji intaneti?

Hapana. Ombi linafika, unaamua hapo hapo, lijalo hulijui. Basi. Swali hili silijibu tena.

LRU na FIFO, kanuni za kuchagua ukurasa wa data wa kutoa kumbukumbu ikijaa (FIFO hutoa ulioingia kwanza), zote zina uwiano wa ushindani k. Kwa hiyo nitumie yoyote?

Tumia, ukitaka kujuta. Uwiano huo unasema, ukiangukia pabaya kabisa, gharama yako ni mara ngapi ya gharama ya anayeyajua maombi yote mapema; k ni idadi ya nafasi za kumbukumbu. Sleator na Tarjan walithibitisha hilo mwaka 1985, na tangu hapo watu wanaivaa ile k kama hirizi. Hebu tuiangalie. Kumbukumbu ina nafasi 3, kurasa ni 4: A, B, C, D, zinaombwa kwa mzunguko. LRU inatoa ukurasa uliokaa muda mrefu bila kuguswa, kumbe ndio huo huo unaoombwa sasa hivi. Inakosa kila ombi: ukurasa unaotakiwa haumo. Anayeijua kesho, kwa kanuni ya Belady ya 1966 (toa utakaochelewa zaidi kuhitajika), anakosa mara moja katika kila maombi 3. Makosa 3 kwa 1: hiyo ndiyo k yako.

Mizunguko ya namna hiyo ipo, sikatai. Ila programu nyingi hung'ang'ania kurasa chache kwa muda ndipo zihamie nyingine, na hapo LRU hung'ara. Uwiano haulioni hilo. Tena kuna algoriti inayofuta kumbukumbu nzima kila ikijaa, nayo ina k ile ile! Ukitaka kuitenganisha hiyo na LRU, tumia kipimo cha Boyar na Favrholdt: kinazilinganisha algoriti mbili ana kwa ana, kila moja kwenye mpangilio wake mbaya kabisa wa maombi yale yale, bila kumpitia huyo mjua-yote.

Nikiruhusiwa kuona maombi 5 yajayo, uwiano utashuka?

Hata chembe. Adui, yule wa kufikirika anayekupangia maombi mabaya kabisa, atarudia kila ombi mara 6, nawe utabaki kuukodolea macho ukurasa mmoja. Usiende kumwambia mtu kwamba kuona mbele hakufai. Kisichofaa hapo ni kipimo.

Kukodi au kununua kitu nisichojua nitakitumia siku ngapi, ikiwa bei ni sawa na kodi ya siku 10?

Kodi siku 9, ya 10 nunua. Ukiangukia pabaya utalipa 19 badala ya 10. Hapa uwiano wa ushindani unastahili sifa.

Seva mbili kwenye mstari, kila ombi ni pointi ambayo lazima seva moja iifikie, na gharama ni umbali: nitume iliyo karibu tu, au nizisogeze zote mbili kuelekea ombi?

Maombi yakirukaruka kati ya pointi mbili za jirani, algoriti ya pupa (ile ya kutuma iliyo karibu tu) itaichosha seva moja milele huku mwenzake imelala mbali. Ndiyo maana uwiano wa ushindani unaikataa. Lakini kwa pointi 3 tu kwenye mstari, uchambuzi wa kuoanisha, ambao hupanga gharama za mifuatano yote na kuzilinganisha moja kwa moja, unaipa pupa ushindi. Hakuna aliyekosea hesabu. Niandikie tena ukishajua unachoogopa: siku moja mbaya, au gharama ya kila siku.