Maswali na Majibu: Data ya Vihisi Inapotelea Wapi Kabla ya Kufika Kwenye Laptopu?

Napima mtetemo wa pampu kwa Arduino Uno. Nataka sampuli 5,000 kwa sekunde, lakini nikihesabu mistari ya faili napata 190 hivi. Kihisi kimekufa? — Fundi, Industrial Area

Kihisi ni kizima, fundi. Kinachokubana ni ile 9600, yaani biti kwa sekunde, uliyoiandika kwenye Serial.begin. Kila baiti hupita na biti 10: nane za data, moja ya kuanza, moja ya kumaliza. Kwa hiyo 9600 ni baiti 960 kwa sekunde. Ukituma "512" kama maandishi, hizo ni tarakimu tatu na alama mbili za kufunga mstari, jumla baiti 5. Gawanya 960 kwa 5 upate 192. Umehesabu sawasawa.

Hukuona ujumbe wowote wa hitilafu kwa sababu bafa ya kutuma ya Uno (kumbukumbu ndogo ambamo data husubiri zamu) ni baiti 64 tu. Ikijaa, Serial.print hukaa ikingoja, na kipimo kinachofuata nacho kinangoja nyuma yake. Mashine hailalamiki, inapunguza mwendo tu.

Panda hadi 500000, ambayo saa ya 16 MHz ya Uno huitoa bila salio (115200 huja na kosa la asilimia 2 hivi). Kisha tuma kila sampuli kama baiti 2 mbichi kwa Serial.write. Utakuwa unahitaji baiti 10,000 kwa sekunde kwenye njia inayobeba 50,000. Usitegemee kupita sampuli 9,600 hivi kwa analogRead: kwa mpangilio wake wa kawaida ADC (sehemu inayogeuza volti kuwa namba) hutumia mapigo 13 ya saa ya 125 kHz kwa kila kipimo.

Nina Raspberry Pi Pico na laptopu yenye USB 3. Mbona sifikishi hata megabaiti 1 kwa sekunde? — Mwanafunzi wa uhandisi, Kahawa

Mlango wa laptopu hauwezi kumharakisha mgeni anayetembea polepole. Chipu ya RP2040 iliyo kwenye Pico huzungumza USB ya megabiti 12 kwa sekunde, ile inayoitwa "full speed", jina ambalo limeshawapoteza wengi kwa kuwa kasi hiyo ilishapitwa zamani na ile ya megabiti 480. Katika kila milisekunde 1 hupita pakiti zisizozidi 19 za baiti 64. Hiyo ni baiti 1,216,000 kwa sekunde kwenye karatasi. Panga kazi yako kwa 900,000, halafu upime mwenyewe.

ADC ya Pico hutoa sampuli 500,000 kwa sekunde, biti 12 kila moja. Ukiweka kila sampuli kwenye baiti 2, unahitaji 1,000,000 na umeshakwama. Lakini katika zile biti 16, nne ni sifuri tupu unazozisafirisha bure. Funga sampuli mbili, A na B, ndani ya baiti 3. Baiti ya kwanza ibebe biti 8 za chini za A. Ya pili ibebe biti 4 za juu za A upande wa chini, na biti 4 za chini za B upande wa juu. Ya tatu ibebe biti 8 za juu za B. Sasa unahitaji 750,000 na njia inatosha. Tena, ADC hiyo kelele zake ni nyingi kiasi kwamba biti zenye maana ni karibu 9 tu. Kama kazi yako inaruhusu, agiza FIFO yake (foleni ya matokeo) itoe biti 8 za juu na ushuke hadi 500,000.

Nimefunga hivyo hivyo, baiti 750,000 kwa sekunde, na wastani unaonyesha njia ina nafasi. Bado kila baada ya sekunde kadhaa kuna pengo kwenye data. Niongeze kumbukumbu kiasi gani? — Msomaji, Kariobangi

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu wanahesabu kilobaiti badala ya milisekunde. Kihisi hakina subira, lakini laptopu inazo shughuli nyingine: kuandika diski, kusasisha programu, kuchora skrini. Kuna wakati itakaa makumi ya milisekunde bila kuja kuchota data yako, na mara mojamoja zaidi. Ni kama maji ya mtaani. Hata kama wiki nzima yanayokuja yanatosha, siku mfereji umekauka utakunywa yale tu yaliyo kwenye tangi.

Pico ina kumbukumbu ya kilobaiti 264. Ukitenga 192 kwa bafa, hizo ni baiti 196,608. Gawanya kwa 750,000 upate milisekunde 262. Ubao wa STM32F103C8 una kilobaiti 20, na ukitenga 16 unapata milisekunde 22 tu. Kwa mwendo huo, huo wa pili usiuamini na laptopu yoyote.

Kuna deni jingine ambalo wastani huuficha. Laptopu ikinyamaza milisekunde 200, baiti 150,000 zinarundikana. Ikirudi, njia ya 900,000 ina ziada ya 150,000 tu juu ya zile zinazoendelea kuingia, kwa hiyo rundo linamalizika baada ya sekunde nzima. Kimya kingine kama hicho kikija nusu sekunde baadaye, bado unadaiwa 75,000, unaongezewa 150,000, na 225,000 haziingii kwenye tangi la 196,608. Pengo lako ndilo hilo.

Kabla ya kununua chochote, fanya hivi. Acha DMA (sehemu ya chipu inayohamisha data bila prosesa) ijaze nusu moja ya bafa wakati nusu nyingine inatumwa, ili prosesa isibebe sampuli moja moja. Weka namba ya mfululizo kwenye kila pakiti, na uhifadhi kiwango cha juu kabisa ambacho bafa imewahi kufika. Upande wa laptopu, tumia uzi (thread) mmoja wa kusoma na mwingine wa kuandika diski, na foleni kati yao. Sekunde 60 za data yako ni megabaiti 45, kitu kidogo kwa laptopu. Usisome baiti moja moja. Soma kilobaiti 16 au zaidi kwa mara moja. Kiwango cha juu kikizidi nusu ya bafa katika jaribio la saa nzima, punguza sampuli au uhamie ubao wenye USB ya megabiti 480, kama Teensy 4.1, wenye kilobaiti 1,024 za kumbukumbu.

Narekodi baiti 800,000 kwa sekunde kwenye fleshi. Baada ya saa moja na nusu hivi inakataa, na nafasi bado ipo. — Msomaji, Ngara

Fleshi yako ina FAT32, mpangilio wa kuhifadhi ambao ndani yake faili moja haiwezi kufika GB 4. Kwa mwendo wako zinaisha kwa dakika 89. Igeuze iwe exFAT baada ya kuhamisha vilivyomo, au bora zaidi, fungua faili jipya kila dakika 10: stima ikipotea unapoteza kipande, si siku nzima. Na kama fleshi ni ya bei ya kutupa, ijaribu kwanza kwa H2testw kwenye Windows au f3 kwenye Linux. Zipo zinazojitangaza kuwa GB 64 na ndani hamna kitu.

Namba zinakuwa sawa, halafu ghafla zote zinageuka takataka hadi nizime na kuwasha. — Fundi wa jenereta, Kirinyaga Road

Umepoteza baiti moja, na tangu hapo nusu ya sampuli hii inasomwa pamoja na nusu ya ile. Anza kila pakiti kwa alama ya baiti 2, kisha urefu, namba ya mfululizo, data na CRC (namba ya kuhakiki kwamba data haikuharibika). CRC ikikataa, tupa pakiti, tafuta alama inayofuata. Kwenye Linux hakikisha pia mlango uko katika hali mbichi (raw). Vinginevyo mfumo unaweza kumeza baiti za 0x11 na 0x13 ukidhani ni amri za kuendelea na kusimama.