Kiota kile Ondiri bado kinaniuma

Kuna msomaji kaniandikia, kinamasi cha mtaani kwao kinajazwa taka na ndege wanaisha, ameuliza aanzie wapi. Namjibu hapa kwa sababu najua mko wengi mnaotaka hii kazi ya kulinda vinamasi na ndege wake.

Mimi nilianzia kinamasi cha Ondiri, pale Kikuyu, Kenya, kwenye chanzo cha mto Nairobi. Maji yamefunikwa na matete na nyasi zinazoelea, ukikanyaga pembeni ardhi inatikisika kama godoro. Korongo taji wanazalia humo, wanalaza matete wanatengeneza kama jukwaa, mayai mawili matatu, halafu baba na mama wanayalalia kwa zamu karibu mwezi mzima.

Nilipoona kiota cha kwanza furaha ilinizidi, nikafungua njia kwenye matete nipate picha, kesho yake nikaleta marafiki watano. Korongo wakatoka wakasimama mbali wanalia, na sisi tunapiga picha tu. Siku ya tatu nikakuta maganda, na kunguru wanatembea kwenye njia ile ile niliyofungua mimi. Hizo picha ziko kwa simu mpaka leo, sijawahi kuzifungua.

Kwa hivyo kwanza kabisa, usikaribie kiota. Nunua darubini, kaa mbali, na usiposti mahali kilipo. Narudia, usikaribie.

Halafu maji. Yakishuka, mbwa wanafika kwa kiota bila kulowa, na kwetu mapampu yalikuwa yanavuta usiku na mchana. Nilipeleka barua ofisi fulani mara nne, kila mara njoo wiki ijayo, nilitoka pale nikiwa na uchungu sana. Mwishowe nikawaendea wenye mapampu wenyewe, na mzee mmoja akaniambia, "Kijana, umenishtaki kabla hujanisalimia." Tuliongea mpaka jioni. Siku hizi kiangazi anapumzisha pampu, na msimu uliopita nimehesabu makinda mawili, nikiwa barabarani.

Sheria ipo, kanuni za ardhi oevu za 2009, zisome uzitumie, ila jirani msalimie kwanza. Na tuache kuita kinamasi shamba tupu jamani! Huyu korongo yuko kwenye bendera ya Uganda, na tangu 2012 yuko kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini kutoweka, sasa tukimfukuza sisi ataenda wapi?

Wewe uliyeniandikia, chunguza ni nani anavuta maji hapo kwenu, halafu uniandikie tena.