Mkirudia kanda ya zamani jukwaani, msiruke wimbo

Mwaka 2023 kanda yetu ilitimiza miaka 20. Ni kaseti ya nyimbo nane, nne kila upande, tuliyoirekodi tukiwa vijana wa magitaa hapa Malindi. Mwaka huo huo Ben Gibbard wa Marekani alikuwa akizunguka na bendi zake mbili, Death Cab for Cutie na The Postal Service, kusherehekea albamu zao za 2003. Zote mbili zilipigwa nzima, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Bendi nyingine ya Marekani, Pixies, nao walifanya vivyo hivyo 2009 kwa Doolittle, albamu yao ya 1989. Nikawaambia wenzangu: na sisi tuna watu wetu. Tukapanga usiku mmoja Malindi, mwingine Lamu.

Kama bendi yenu inataka kujaribu, anzeni na kaseti yenyewe. Kumbukumbu hudanganya. Nilikuwa tayari kuapa kwamba solo langu nalijua, kumbe miaka yote hiyo harusini nimekuwa nikipiga kitu kingine. Nakala niliyokuwa nayo iliota ukungu kwa unyevu wa bahari. Fundi alifungua skrubu za kasha, akahamishia utepe kwenye kasha zima, akasugua hedi ya redio, ile inayousoma utepe, kwa pamba yenye spiriti, ikalia. Lakini chungeni mota: redio ya kwanza ilikuwa ikikimbia. Siku mbili tulikaza nyuzi kuifuata, mwimbaji akijipasua koo, hadi tulipoiweka kaseti ile ile kwenye redio nyingine na wimbo ukashuka. Magitaa yafuate koo la mwimbaji wa leo. Wetu ana miaka 51, tukamshushia nyimbo zote, na hakuna aliyelalamika.

Lalamiko lilikuja kwa jambo jingine. Wimbo wa nne wa upande wa kwanza sisi wenyewe tuliuona dhaifu, basi Malindi tukauruka. Tulipokuwa tukikunja nyaya, mama mmoja mtu mzima akanijia. "Mwanangu, mbona mmeuacha ule wa kikohozi?" Nikabaki kimya. Kwenye kaseti, kabla ya wimbo huo kuanza, mpiga besi wetu anasikika akikohoa. Siku ile tulikosa pesa za kurekodi upya. Alishatangulia mbele ya haki. Tulipouruka wimbo, tulimruka na yeye.

Ndiyo maana nawaomba: pigeni yote, kwa mpangilio wake. Mtu aliyeisikiliza kanda miaka 20 huanza wimbo unaofuata mdomoni kabla hamjaugusa.

Na pesa zizungumzwe kabla ya mazoezi. Fungu la mjane wa mwenzetu tulilitenga kwanza, kabla ya mafuta ya jenereta, mbele ya wote.

Safari ya Lamu ina mambo yake. Gari linaishia Mokowe, kutoka hapo ni boti, na maji ya chumvi yakirukia amplifaya mmekwisha. Zifungeni kwa turubai tangu gatini. Ng'ambo, vyombo vinabebwa kwa mkokoteni na punda, na vichochoro vingine ni vyembamba mno, kwa hiyo chukueni spika ndogo nyingi badala ya mbili kubwa. Anzeni baada ya Isha. Msiweke tarehe wakati upepo wa kusi umechacha.

Usiku ule wa Lamu tulimaliza wimbo wa tatu, tukanyamaza. Besi alikuwa ameishika mpwa wa marehemu, kijana ambaye mwaka kanda ilipotoka alikuwa hajazaliwa. Tulikuwa hatujapanga nani afanye nini. Nyuma kabisa, ukutani, mtu mmoja akakohoa. Akafuata mwingine, kisha safu nzima. Kijana akainamisha kichwa, akaugusa uzi mnene.