Desemba Marangu nyumba imejaa, nitapata wapi muda wa kukaa peke yangu?

SWALI: Anti shikamoo. Mi natokea Songea ila nimeolewa na Mchaga, tunaishi Dar. Kila Desemba tunapanda kwao Marangu na watoto, na kule tunajazana mashemeji, mawifi na watoto kibao, jikoni hakuna kupumzika asubuhi mpaka usiku, narudi Dar nimechoka kuliko nilivyoondoka. Mwaka huu nimefiwa na mama, halafu kuna kazi nimepewa Dodoma sijajua niikubali au niache, yaani nahitaji kukaa kimya nitafakari na nimuombee mama. Naogopa wataona naringa. Nifanyeje?
Mama Wawili, Tabata

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa msiba. Kutaka kukaa kimya sio kuringa, kinacholeta maneno ukweni ni mtu kupotea bila kuaga. Kwa hiyo we aga. Siku ya kwanza tu mwambie mama mkwe, "Mama, nikiamka natembea kidogo huku migombani namuombea marehemu mama, nikirudi nawasha jiko." Mtu mzima aliyezika wazazi wake atakuelewa. Ila usiseme unaumwa, watakuletea uji na kukukalia kitandani kutwa nzima.

Muda wako ni alfajiri. Desemba jua linachomoza saa 12 na robo hivi, toka kabla ya hapo na uvae sweta maana baridi ya kule unaijua, saa hizo waliokesha na pombe ya mbege bado wamelala, watoto wamelala, na Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, mara nyingi inaonekana vizuri asubuhi kabla mawingu hayajaifunika. Kama kuna mfongo karibu, ule mfereji wa maji wa Wachaga, fuata maji taratibu, kaa sehemu, lia kama kilio kinakuja. Simu iache ndani tafadhali, group la ukoo mwezi huo halilali.

Halafu omba kazi ya mtu mmoja. Kumenya ndizi za mtori ni kazi ya kundi na stori, huko huwezi kufikiria kitu. Ila makaburi ya wazee si yapo humo humo kihambani, kwenye shamba la ukoo, na mimea yake ya masale pembeni? Omba uyasafishe wewe. Unang'oa majani, unafagia, hakuna atakayekuita uje kukatakata vitunguu, na mi naona kwa mtu aliyefiwa mikono ikiwa na kazi moyo nao unafunguka vizuri zaidi kuliko kukaa tu.

Mumeo ongea naye mkiwa bado Dar. Hapo ni kwao, watoto ni wake pia, asubuhi awaogeshe na awape chai yeye.

Tarehe 24 mpaka 26 usitegemee kitu, ni ibada, kuchinja na wageni, ingia jikoni na wenzio kwa moyo wote. Kuanzia 27 watu wanapungua, hapo mchukue mumeo mwende wawili tu maporomoko ya Kinukamori, sio mbali na Marangu Mtoni, kuna kiingilio so mbebe hela. Habari ya Dodoma iongeleeni huko, maana kuhama hakukuhusu wewe peke yako. Na kama hao wa Dodoma wanataka jibu kabla ya mwaka mpya, wapigie wiki hii uwaombe wakusogezee mpaka Januari, waambie una msiba.