Mke wangu amepiga plasta jiko bila kuniambia, nifanyeje?

*Shikamoo anti. Mimi ni baba wa watoto watatu, tunaishi Pasua, Moshi. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Nyumba yetu tuliihamia mwaka 2022 ikiwa haijaisha, tukakubaliana tutamalizia taratibu. Mbele nilipanda nyasi kwa hela yangu. Mama yangu alipokuja kutoka Uru kukaa nasi, yeye na mke wangu wakang'oa nusu, wakapanda mnafu, magimbi na sukuma wiki. Nikirudi saa mbili usiku namkuta mke yuko nje na tochi anamwagilia, maana mchana maji hayana nguvu. Pampu nilishanunua tangu Machi mwaka jana, sijapata tu muda wa kuifunga. Sasa Jumapili iliyopita ndiyo nagundua jiko la nje limepigwa plasta, kazi ambayo nilikuwa karibu kuianza. Kaita fundi, kamlipa kwa hela za kikoba, mimi sijaambiwa. Kwa mila zetu Wachagga mwanaume ndiye anayejenga. Nahisi nimedharauliwa nyumbani kwangu, na mama yangu mzazi anamtetea yeye. Nifanye nini?*
*Baba wa Watatu, Pasua*

Marahaba, Baba wa Watatu. Pole kwa nyasi zako. Pole imeishia hapo.

Barua yako nimeirudia mara mbili. Mara ya kwanza nilitafuta kosa la mkeo. Mara ya pili nilitafuta wewe ulikuwa wapi, maana humo ndani watu wote wana kazi mkononi isipokuwa mwandishi.

Tuanze na huo ukuta. Plasta si kitu cha kufanyika kimyakimya, mwanangu. Guta la mchanga limeingia uani likamwaga. Saruji imeletwa. Fundi na saidia fundi wake wamekuja, wamekoroga, wamekunywa chai kibarazani kwako. Wakishaondoka, ukuta unamwagiliwa asubuhi na jioni kama siku saba hivi ili usikauke haraka ukapasuka. Kwa hiyo wiki nzima mkeo amekuwa akimwagilia ukuta, na nadhani kwa ndoo ileile na tochi ileile, na wewe ukapita pembeni yake ukaingia ndani kula. Ulidhani ni sukuma wiki. Umegundua Jumapili, na hata hiyo Jumapili nina wasiwasi ni mtoto ndiye aliyekuonyesha.

Halafu unaniambia ulikuwa "karibu kuianza". Tangu 2022? Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa anakimbiza kuku.

Umeleta mila, nami nazipenda mila, ila ukizileta uzilete zote. Kwenye kihamba cha wazee wako, lile shamba la ukoo, ndizi za kupeleka sokoni na mboga zilikuwa za mama, kahawa ilikuwa ya baba. Hela ya ndizi baba hakuulizia. Sasa mkeo, nadhani, anavuna mnafu na sukuma wiki, anauza mafungu mawili matatu kwa majirani, anaweka hisa kikoba. Kwa mila hizo hizo unazozishika mkono, hela hiyo ni yake. Na mifongo je, ile mifereji ya maji? Wanaume wa ukoo ndio walioichimba na kuizibua, wakateremsha maji kutoka mlimani hadi kwenye migomba. Kazi ya maji ilikuwa ya mwanaume. Ya kwako, yaani hiyo pampu, imo ndani ya boksi, na naweza kuapa kwamba juu ya hilo boksi pamewekwa pasi.

Mama yako nampa heko. Mama mkwe kumtetea mkamwana mbele ya mwana aliyemzaa mwenyewe si habari ya kila siku, na akifanya hivyo ujue ameona mengi. Huyo mama ametoka Uru, ambako chini ya miti mirefu ya mruka na mringaringa kuna mgomba, chini ya mgomba kuna kahawa, chini ya kahawa kuna magimbi, na ng'ombe yuko bandani anakula majani ya mgomba na kuurudishia samadi. Hukohuko Uru, kihamba cha Shimbwe Juu kiliingizwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kwenye orodha ya urithi wa kilimo duniani. Sasa mtu wa namna hiyo unamweka kibarazani aangalie nyasi zisizoliwa na yeyote? Hata mbuzi huna.

Na hizo nyasi, tuambizane ukweli, ulimpandia nani? Ulipanda kwa ajili ya Desemba. Magari yakianza kupandisha kutoka Dar, kaka yako ashuke, atazame, aseme "umejipanga". Anakaa siku nne. Januari jua linawaka, nyasi zinataka maji kila jioni, na mwenye kushika ndoo ni mwalimu aliyeshinda darasani amesimama. Mboga alizipanda, wiki chache baadaye akazichuma. Ningekuwa mimi ningezing'oa zote, nisikuachie hiyo nusu. Hiyo nusu ni heshima, ila hujaitambua.

Hii naona si kwako peke yako. Ndoa za siku hizi zinaanzia kwenye picha za simu. Vijana wanaonyeshana dari la jipsamu lenye taa za rangi kabla hawajakubaliana nani ataamka kufungulia maji. Mume ana ramani yake kichwani, mke ana yake, wanaandikiana ujumbe wakiwa chumba kimoja, na fundi anapokea maagizo mawili kwa siku moja. Zamani nyumba ilijengwa vibaya lakini ilijengwa na wawili. Nisijifanye mtakatifu: marehemu wangu aliniahidi mlango wa bafu, nikaoga nyuma ya kanga miaka minne. Siku nilipomwita seremala mwenyewe, mzee alinuna wiki nzima. Baadaye alikiri kuwa kilichomuuma ni kuona mlango umewekwa, unafunga vizuri, na dunia haikusimama. Nadhani nawe ndicho kinachokuuma. Dharau ingekuwa kukusema mbele ya fundi, na hujaniandikia popote kwamba alikusema.

Mkeo naye ana kosa lake, nisimfiche. Angekuambia. Hata neno moja tu, "kesho fundi anakuja." Lakini nauliza: mara ya mwisho alipokuambia habari ya jiko ulimjibu nini? Hilo hukuliandika. Barua imetaja hela ya nyasi, imetaja pampu, imetaja mila, lakini maneno ya mke wako hayamo hata mstari mmoja. Miaka yote hiyo mwanamke hakusema kitu? Alisema, akachoka.

Sasa unachofanya. Kikao cha wazee usiite, utaaibika, maana shahidi wa kwanza ni mama yako. Kwenye mpaka wa uwanja, kama mama yako ni Mchagga ninayemfikiria, ameshapanda isale. Unajua jani lake ni la nini: la kuomba msamaha. Lichume, mpe mkeo, umwombe radhi, kisha ukalione hilo jiko lake vizuri, upitishe mkono ukutani, umsifu fundi. Usiulize bei.

Jumamosi usiende popote. Wale wenzako wa supu ya asubuhi watakunywa bila wewe. Chukua pampu, mwite fundi bomba, usimame naye mpaka maji yapande kwenye tangi. Mkeo akisema anataka bomba la ziada lifike kwenye matuta, toa hela ya bomba. Na tochi umnyang'anye, jioni hiyo umwagilie wewe, mama yako akuonyeshe kipi ni mnafu na kipi ni gugu, kwa sababu nina hakika hujui.

Angalizo la pampu: imekaa kavu zaidi ya mwaka, mwambie fundi aijaze maji kabla ya kuiwasha, la sivyo itaungua. Risiti kama unayo usiitafute, waranti nyingi ni za mwaka mmoja.